Kipande cha Ini Ulichonipa Krismasi

Marangu, Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata pale nilipotaka kulia.

Unakumbuka Krismasi kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, Baba mkubwa ameshika kisu anagawa mbuzi? Kila mtu na kipande chake, na ini ni la wanaume, linachomwa palepale. Nikaja na bakuli kuomba ini kidogo, likiwa bichi. Wote wakacheka. Wewe ukaniwekea kipande chako bila kuuliza kitu, ukaenda kula mtori wa ndizi.

Nililiponda ini lile, nikaligawa kwenye glasi mbili, moja nikaidondoshea sabuni ya maji. Nilipomimina dawa ya kuoshea vidonda, zote zilitoa povu, ila yenye sabuni ilifurika mpaka mezani. Nikawaeleza kwa furaha kwamba seli za ini zina kimeng'enya kinachovunja dawa ile na kutoa hewa. Kimefungiwa ndani ya utando wa mafuta. Sabuni inayeyusha mafuta hayo, kimeng'enya kinatoka, kazi inaongezeka.

Baba mkubwa akasema, "Hata shati langu likifuliwa linatoa povu. Kwani shati lina ini?"

Alisema kweli: povu lingeweza kuwa la sabuni tu. Wewe ulisema tu, "Mpeni muda, huyu atajibu." Miezi yote hii nimeishi na maneno hayo.

Jana shuleni yalikuwa maonyesho ya sayansi. Safari hii sikupima povu, nilipima hewa. Niliandaa chupa tatu, kila moja na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa nyingine iliyojaa maji, imepinduliwa ndani ya beseni. Hewa ikiingia, maji yanashuka. Chupa ya kwanza ilikuwa na ini na maji, ya pili ini na sabuni, ya tatu sabuni peke yake. Baba mkubwa alikuja na koti lake la kanisani, akasimama mbele kabisa.

"Hii ya tatu ni shati lako, Baba mkubwa," nikamwambia.

"Haya, lifue tuone!"

Nikamimina dawa. Shati halikutoa kitu. Ini lenye sabuni lilishusha maji mbio, likaliacha lile jingine mbali! Baba mkubwa aliinama kuzitazama chupa, kisha akatangaza kwa ile sauti yake ya kugawa nyama: "Krismasi ijayo huyu ana kipande chake cha ini. Kibichi!"

Nimepewa nafasi ya kwanza, Baba mdogo, lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kipande chako hakikupotea bure.

Mwalimu anasema mafuta ya utando ule yanaweza kubadilika kufuatana na chakula cha mnyama. Mbuzi wetu wanakaa bandani wakilishwa majani ya migomba. Wa huko Singida unakofanya kazi wanazurura porini wakila mengine, basi huenda sabuni ikafungua seli za ini lao kwa kasi tofauti. Sitaki kubahatisha, nataka kupima. Kwa hiyo nijibu mara tu ukisoma hapa: Krismasi utakuja na mbuzi wa huko, achinjwe siku moja na wa kwetu?

Mwanao mwenye bakuli,
Manka