Tajiri na Maringo Kwenye Vita vya Napoleoni

Ubelgiji,
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua kaka Leonsi anakusomea hii huku Mama anachambua mchele na kujifanya hasikilizi. Goti linaendeleaje? Leonsi anasema limepona, Mama anasema bado unainuka kwa kushika ukuta. Mimi namwamini Mama. Mpunga je, umesimama? Mimi ni mzima kabisa. Baridi imeanza kulegea na nimepata viatu visivyopitisha maji, kwa hiyo maombi ya miguu yangu yasitishwe, sasa muombee goti.

Barua nimeiweka ndani ya boksi lenyewe. Wewe ndiye uliyesema sauti za kwenye simu ya Leonsi zinafutika lakini karatasi haifutiki. Haya, karatasi hiyo.

Kabla sijafika kwenye mazuri, nina lalamiko. Shangazi Veronika amenipigia. Eti watu walikuuliza nje ya kanisa, "Restituta anafanya kazi gani huko Ulaya?" nawe ukajibu, "Anacheza." Baba! Halafu walipocheka ukaongeza, "Lakini analipwa," kana kwamba hiyo ndiyo dawa. Mimi niliyeanza kwa kukata kadi za harusi kwenye steshenari ya Kashaulili pale Mpanda, nikajisomesha uchapaji bila mtu kunishika mkono, nikafika huku nikaanza kupaki maboksi, na leo natunga kanuni! Nakueleza kwa mara ya tatu, na Leonsi asiruke mstari.

Kampuni yetu ni ndogo, watu sita. Tunatengeneza michezo ya mezani inayoigiza vita vya zamani, hasa vita vya Napoleoni, yule mfalme wa Wafaransa aliyetaka Ulaya yote iwe shamba lake. Ndani ya boksi kuna ramani ya uwanja wa vita, imegawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Kuna vipande vya kadibodi, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba: hiki askari wa miguu, hiki wapanda farasi, hiki mizinga. Kuna dadu na kijitabu cha kanuni. Watu wawili wanakaa mezani, mmoja Mfaransa, mwingine adui zake, wanapigana upya vita vilivyokwisha zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Wanunuzi ni watu wazima wenye mvi, siyo watoto. Wakikuta kipande kimoja kimepungua wanaandika barua kali kuliko hii yangu.

Mchezo uliomo humu ni wa Waterloo, vita iliyommaliza Napoleoni. Aliyeutunga ni mzee mmoja tunayemwita Profesa, mwalimu mstaafu wa historia, ana ukuta mzima wa vitabu vya vita hiyo moja. Usiku wa kuamkia vita mvua kubwa ilinyesha, na inasemekana asubuhi Napoleoni alichelewa kuanza, akingoja ardhi ikauke mizinga ipite. Wakati anangoja, jeshi la pili la adui lilikuwa njiani linakuja kuwasaidia wenzao. Nilipokusimulia kwenye simu ulisema, "Kwa hiyo alishindwa na tope? Si angeuliza wenyeji." Neno hilo nimelibandika ukutani pale ofisini.

Sasa, kanuni ya Profesa ilikuwa hivi: kila saa unayongoja, tope linapungua daraja moja. Inasikika kama akili. Mimi nikahesabu. Kwenye michezo arobaini ya majaribio, mara thelathini na nne Mfaransa alingoja mpaka saa ileile ndipo akashambulia. Nikamwambia Mama Grita, mwenye kampuni, "Hatujacheza michezo arobaini. Tumecheza mmoja mara arobaini." Halafu nikamgeukia Profesa, nikamwambia tope halikauki namna hiyo. Mvua ikikatika, tope ni la maji, gurudumu linateleza lakini linapita. Jua likilipiga kwa saa mbili tatu, hapo ndipo linaposhika. Linakuwa ugali. Linapanda na gurudumu, linakaa kwenye kwato, unavuta mkokoteni na nusu ya shamba. Mpaka likauke kweli ndipo upumue.

Profesa akaniuliza, "Hayo umeyasoma wapi?"

"Nyuma ya mkokoteni wa baba yangu, Majimoto."

Akacheka kwa adabu. Kicheko cha adabu kinauma kuliko tusi.

Nami nilikuwa na kidonda changu. Mchezo uliopita nilisahihisha hesabu za kurasa tatu nzima, halafu kwenye shukrani wakaandika "pamoja na wote waliosaidia". Ndiyo kusema mimi ni "wote"! Kwa hiyo safari hii nikaweka sharti mapema: nikithibitisha tope, jina langu linakaa kwenye kifuniko cha boksi, pembeni ya la Profesa. Mama Grita akakubali mbele ya watu.

Ndiyo maana nikakuomba upime. Na nyie mkapima, nawashukuru: hatua mia nne kati ya nyumbani na mtaro wa majaruba ya mpunga, magunia nane ya mchanga, Leonsi na saa ya simu, ng'ombe wetu Tajiri na Maringo wakivuta. Saa moja asubuhi mvua ilipokatika, dakika kumi na moja. Saa nne jua likiwa limewaka, dakika ishirini na sita. Saa tisa alasiri, dakika tisa. Nilipozisoma hizo namba nilizunguka meza. Nikaandika kanuni: mzinga unaotumia nguvu mbili kupita tope la maji, utumie tano kwenye tope la kunata. Profesa akazitazama, akatazama dirishani, akasema, "Sawa." Jina langu likawekwa kwenye kifuniko. Kazi nzima ilikuwa iende kiwandani Ijumaa.

Jumanne mchana nakula, nikafungulia tena ile sauti ya Leonsi ya siku ya kupima, ya saa nne, nisikie tu sauti zenu. Nikakusikia kwa nyuma unamfokea ng'ombe: "Maringo! Twende, nyumbani utarudi baadaye!"

Kijiko kikasimama.

Nikampigia Leonsi hapohapo. "Saa moja mlikuwa mnakwenda au mnarudi?" "Tulipeleka mkokoteni mtupu, tukapakia mchanga kule mtaroni, tukarudi nao nyumbani." "Saa nne?" "Tukaupeleka." "Saa tisa?" "Tukarudi nao. Kwani vipi?" Vipi tena! Ng'ombe gani anatembea sawa akienda kazini na akirudi zizini? Namba mbili za haraka zote ni za kurudi nyumbani, na ile moja ya polepole ni ya kwenda. Sikujua tena kiasi gani ni tope na kiasi gani ni Maringo kutamani zizi.

Nilikukasirikia, Baba, sitaficha. Nilijikasirikia zaidi, maana mimi ndiye ninayejidai kuhesabu na sikuuliza. Na nikafikiri kunyamaza. Profesa amekubali, jina liko kwenye kifuniko, nani huku atajua Maringo alikuwa ameelekea wapi? Lakini nikawaza wazee wenye mvi watakaonunua, kila mmoja akilipa kwa ajili ya ukweli wa lile tope. Na ningekuwa nimekaa kwenye kifuniko kwa uongo. Nikamaliza chakula, nikaingia ofisini, nikawaambia wote.

Kisha Profesa: "Kwa hiyo ushahidi wetu mzima ni ng'ombe mwenye hamu ya kwenda kwao?" Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mama Grita hakucheka. Alisema, "Nasogeza uchapaji wiki mbili. Ukileta namba safi, sawa. Usipoleta, kanuni ya Profesa inarudi na jina lako linatoka."

Ndiyo simu ile niliyowapigia nikiwa siongei vizuri. Ukaniuliza nani kafa. Nikasema hajafa mtu, pimeni upya, kila saa kati ya zile tatu mwende na mrudi, siku tatu. Ukasema, "Mwanangu, mvua imekata." Siku tisa, Baba! Majimoto haikunyesha siku tisa! Nadhani hamjui nyie mlikuwa watu maarufu kiasi gani. Kila asubuhi Profesa, mtu mwenye ukuta wa vitabu, anavua kofia anauliza, "Majimoto imenyesha?" Mhasibu wetu naye akawa anafuatilia mawingu ya Mpanda kwenye kompyuta. Mimi ninayelalamika mvua ya huku kila siku nikajikuta naiomba iwahamie.

Ya kumi ikashuka, usiku, na usiku wa siku mbili zilizofuata. Leonsi ameniambia yote. Majirani walisimama barabarani wakawatazama mnahamisha mchanga, mnaurudisha, mnauhamisha tena. Mmoja akauliza, "Mzee, huo mchanga una kosa gani?" Nawe ukamjibu, "Tunamsaidia Napoleoni." Laiti ningekuwepo!

Namba zikafika siku ya kumi na tatu. Mkirudi nyumbani: kumi na moja, kumi na saba, tisa. Mkienda: kumi na tano, ishirini na mbili, kumi na mbili. Nikakaa nazo. Tope la kunata lipo, Baba. Halipo mara mbili na zaidi kama nilivyotangaza kwa kiburi, lakini lipo, linaongeza karibu nusu, ukienda au ukirudi. Kwa hiyo siyo mbili kwa tano, ni mbili kwa tatu. Halafu nikaona kitu kingine ambacho hakuna aliyekitafuta. Asubuhi, saa nne, alasiri, kila safari ya kurudi ni pungufu ya ile ya kwenda kwa karibu robo. Ile hamu ya Maringo ina kipimo!

Nikamwekea Profesa karatasi mezani. Nikamwambia tuongeze kanuni ya pili: mizinga ikirudi nyuma kwenye tope, kila nguvu nne inarudishiwa moja.

"Lakini wale ni farasi wa jeshi," akasema. "Pale uwanjani hawana kwao."

"Wanakumbuka walikokula jana," nikamjibu. "Mnyama aliyechoka kwao ni pale alipokula."

Akavua miwani, nikadhani nimemkosea heshima. Kisha akachukua vipande, akaanza kupanga, akasema, "Kaa chini. Wewe Mfaransa." Tulicheza siku nzima, kesho yake wenzetu wakaungana nasi kwenye meza tatu. Michezo ishirini. Mara tisa Mfaransa alingoja, mara kumi na moja alijitosa asubuhi kwenye tope la maji kabla halijashika. Hakukuwa na michezo miwili iliyofanana. Profesa alipigwa mara tano, tatu na mimi, na mara ya tatu alipiga meza kwa furaha kama aliyeshinda. Mama Grita akatuma kazi kiwandani saa tisa na nusu. Alitupa mpaka saa kumi.

Kuhusu shukrani, nilikuuliza kwenye simu jina lako liandikwe vipi, la ubatizo au la ukoo. Ulinijibu, "Mimi sikuvuta kitu. Waandike waliovuta." Nilibisha, ukakata simu. Sasa fungua kijitabu, ukurasa wa mwisho. Leonsi ameandikwa kama mtunza saa. Chini yake kumeandikwa: Tajiri na Maringo, wa Majimoto, kwa vipimo vya tope. Karatasi ya kusahihisha ilipompitia Profesa, alikuja mezani kwangu ameshika miwani. "Hawa wawili wanafundisha chuo gani?" Nikamwambia, "Chuo cha Majimoto, kitivo cha tope. Mmoja ni mvivu kidogo." Akatikisa kichwa. "Kama vyuo vyote," akasema.

Mchezo wenyewe mkiujaribu, Leonsi awe Mfaransa, wewe uwe adui zake, na mtu asiuweke karibu na kuku, vile vipande ni vidogo. Kanuni nimezitafsiri kwa mkono kwenye karatasi nane, zimo chini ya ramani.

Mama nimemwekea kitambaa cha kichwa, kimefungwa kwenye gazeti. Shangazi Veronika mpe salamu, na umwambie asiache kuniletea maneno ya nje ya kanisa, nayahitaji. Leonsi, kaka yangu, asante kwa ile sauti. Yule jirani wa mchanga naye msalimie. Tajiri na Maringo wapeni chumvi kidogo kwa niaba yangu, Maringo azidishiwe.

Mwisho, Baba, litazame boksi kwa juu. Jina la Profesa liko kushoto, langu kulia, limeandikwa bila kosa. Ila herufi zake zina urefu wa milimita sita na zangu nne, nimepima kwa rula. Nilimwendea Mama Grita na rula yangu mkononi. Akanitazama, akaitazama rula, akasema mimi ni mtu wa kwanza katika kampuni hii kulalamika kwa vipimo sahihi. Nimelichukua kama sifa. Milimita mbili nitazidai nikiwa nimesimama kwenye kifuniko, siyo nikiwa nje yake.

Akupendaye, binti yako wa milimita nne,

Restituta