Jeli ya Mzee Wabwire

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Immaculate Kavetsa. Umri: miaka 36.
Kazi: usafi na kusaidia kufunga vidonda, kliniki ya Kawangware.
Makao: Gatwekera, Kibera.
Tarehe: 14 Juni 1999, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Sista Lenah, muuguzi wetu, amelala hapa kituoni siku mbili kwa ajili ya dawa iliyopotea kliniki, na hakuchukua kitu.

Mnamo mwezi wa Machi daktari alileta jeli mpya ya kujaribiwa kwa wagonjwa kumi wa sukari wenye vidonda visivyopona. Alitueleza kwamba ndani ya jeli mna kitu kinachouambia mwili uoteshe nyama mpya, na kinatoka polepole kidonda kikiwa kimefungwa. Kila mgonjwa alikuwa na kichupa chake kwenye friji, kimeandikwa jina.

Mama yangu ana kidonda cha kisigino, mwaka wa pili sasa. Nilimwombea nafasi. Daktari akasema, "Immaculate, nafasi zimejaa. Pole."

Tarehe 6 Aprili, saa moja asubuhi, Sista Lenah alinipa ufunguo nisafishe friji. Nilitoa jeli ya Mzee Wabwire, fundi viatu, nikaiweka kwenye kichupa changu. Chake nikakijaza jeli ya kawaida. Zinafanana. Nilimchagua yeye kwa sababu huja peke yake, hana mtu wa kumuulizia. Nilirudia mara nne.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kidonda. Aliniuliza, "Msichana wangu, inashika?" Nilimjibu, "Inashika, mzee. Vumilia." Nami niliona nyama ikigeuka nyeusi.

Kidonda cha mama, nilichokipaka jeli ile, kilianza kujaa nyama mpya. Aliita majirani waone, akasema Mungu amekumbuka nyumba yetu. Nilitoka nje.

Tarehe 2 Juni Mzee Wabwire alikatwa mguu, chini ya goti. Tarehe 12 daktari alipima vichupa, akakuta cha Mzee Wabwire kina jeli ya kawaida, na Sista Lenah akakamatwa kwa kuwa ufunguo ni wake. Akipelekwa aliniambia, "Imma, niangalilie watoto." Nilisema sawa. Nimewapikia siku mbili.

Sijui kama jeli ingeuokoa ule mguu. Daktari alisema si wote wanaopona. Lakini nafasi ilikuwa yake.

Nimesomewa niliyosema, ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi: I. Kavetsa

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Wakoli. Nilimwonya katikati kwamba anajitia hatiani. Akasema niendelee kuandika. Sista Lenah aliachiliwa saa saba mchana. Alipopita kwenye benchi alipokaa shahidi, alisimama na kumwita kwa jina mara mbili. Shahidi hakuinua uso.