Gari Linarudi Bila Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wawili. Yule mkubwa kikohozi kimemwachia? Wifi aliniambia kilikuwa kinamkosesha raha darasani. Mwambieni shangazi yake anamuulizia. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ameanza zamu za asubuhi kiwandani, kwa hiyo siku hizi tunaonana kama majirani. Mimi cherehani hainyamazi, sare za shule zimenijazia chumba mpaka kitandani. Baba naye yupo, anakula vizuri, na leo asubuhi amenigombeza kwa kumfunga vifungo vya shati kombo. Mimi nimehesabu ugomvi huo kuwa dalili njema kuliko dawa zote alizoandikiwa.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitoa neno moja wewe umeshatoa kumi, na mwisho najikuta nimeitikia sawa kaka kwa mambo ambayo si sawa hata kidogo. Dereva wako amefika saa tatu kama ulivyopanga. Gari limeoshwa, na kiti cha nyuma kimewekwa foronya safi kwa ajili ya kichwa cha Baba. Nimemkaribisha dereva kibarazani, nimempa sahani ya kaa, na sasa hivi namsikia anavunja magamba kwa meno huku mimi naandika. Akimaliza ataondoka, na barua hii utaipokea mkononi mwake. Baba hatakuwemo garini.

Tafadhali usimlaumu dereva. Amenisihi mara mbili, akasema bosi alitilia mkazo sana. Nikamjibu kwamba huyo bosi nimekula naye sahani moja tangu utotoni na najua namna anavyonuna, kwa hiyo hainitishi.

Ulipokuja mwezi uliopita ulimkuta Baba sebuleni anatengeneza dema lake la kutegea kaa. Mkono wa kulia ulikuwa unasuka, wa kushoto umelala pajani kama wa mtu mwingine, na ufito ameushika kwa meno. Ulilichukua lile dema mikononi mwake, ukatoka nalo, ukalitupa jalalani naye anakutazama. Halafu ukanifuata jikoni ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni aibu mzee aliyepooza kupelekwa mtoni kama watu waliokosa chakula, kwamba umehangaika miaka yote hii ili mtu wa nyumba hii asitie tena mguu kwenye tope, na kwamba utaleta gari aje akae kwako, ghorofa ya nne, ambako hakuna mto. Nilinyamaza kwa sababu wifi alikuwa amesimama mlangoni. Leo sinyamazi. Gari lako halijafika hata kona, nilikwenda jalalani nikalitoa dema, nikalisuuza, nikamrudishia mwenyewe.

Acha nikueleze usiyoyajua. Baada ya kiharusi Baba alikaa wiki saba bila kutamka neno la kueleweka. Ulituletea mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mpole kabisa, akampa mpira mdogo wa kuminya. Baba alikuwa anauacha uanguke. Anaokotewa, anauacha uanguke. Siku moja nilichoka. Nikamwomba shemeji yako, tukamshika huku na huku, tukateremka naye pole pole mpaka pale mto unapopanuka baada ya daraja la waendao kwa miguu. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nyayo zake ndani ya maji. Aliyatazama maji kwa muda mrefu mpaka nikaanza kujuta. Kisha akanyoosha fimbo kwenye jiwe moja bapa.

"Hilo," akasema.

Nikaliinua. Kaa alikuwepo, upana wa kiganja, amenyanyua makoleo yake yote mawili anataka vita. Nikambana gamba kwa nyuma kama tulivyofundishwa, nikamnyanyua, na Baba akacheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja tu, kaka, lakini alicheka. Tangu siku ile tunakwenda kila Jumatano na Jumamosi. Daktari nilimweleza nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Akauliza tu kama kuna watu wa kumshika asiteleze. Nikasema tupo wawili. Akasema basi tuendelee.

Wewe unauita mto ule umaskini. Mimi nakumbuka mengine. Nakumbuka mvua zikikatika na maji yakirudi nyuma, yakiacha vidimbwi, wewe na Baba mkitoka na ndoo na kipande cha chandarua, mkirudi na uduvi wanaorukaruka kama mafuta kwenye kikaango. Nakumbuka perege ambao Mama aliwakaanga wakakauka mpaka mifupa ikalika. Nakumbuka kaa tuliowachemsha kwa siri nyuma ya nyumba kwenye kopo la maziwa, chumvi umemwibia Mama na kuifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Walipogeuka wekundu ulikuwa unanipa mimi miguu na wewe unachukua makoleo, ukidai makoleo ni hatari kwa mtoto mdogo. Niliamini uongo huo miaka mitatu.

Na namkumbuka kambale. Baba alikuwa ana homa, hajatoka siku ya nne, na jikoni hapakuwa na kitu isipokuwa maji. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Uliondoka peke yako, ukaingia kwenye tope mpaka kiunoni, ukampapasa kwa miguu. Mwiba wake ulikuchana kiganja na hukumwachia. Ulimleta nyumbani ndani ya shati, damu na utelezi vimekutapakaa mpaka magotini, na Mama alipokuona aliketi sakafuni. Tulimla siku mbili na mchuzi wa nyanya na ndimu. Kichwa, ambacho ni cha mwenye nyumba, Mama alikupa wewe, Baba akiwa hai na yumo ndani ya nyumba. Ile alama bado unayo. Nimeona unavyokunja mkono ukipigwa picha. Baba yeye anamsimulia kila mtu anayekaa naye zaidi ya dakika tano habari za kambale yule, sasa kwa maneno machache, lakini urefu wa samaki haupungui.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wewe hukuuacha mto kwa sababu ya umaskini. Uliuacha kwa sababu ya jina. Wiki mbili baada ya kambale, shule nzima ilikuwa inakuita Kaa Matope, na kulikuwa na kawimbo kuhusu harufu yako kalikokufuata kutoka mstarini mpaka chooni. Ulisadiki kwamba aliyekaanzisha ni mtoto wa mwenye bucha. Ulimvunja jino. Ulichapwa mbele ya wote, ukasimamishwa masomo, ukarudi nyumbani ukamwambia Baba hutakanyaga kule tena. Na hukukanyaga.

Mtoto wa mwenye bucha hakuanzisha kitu. Nilianzisha mimi.

Najua hapo umesimama. Keti, usome mpaka mwisho. Jina nililitunga mimi na kawimbo nilikatunga mimi, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikimenya uduvi mliowaleta ninyi. Nyinyi mlikuwa mnakwenda, mimi nabaki kumenya. Kila nilipoomba twende wote Baba alisema Mama atasaidiwa na nani. Vidole vyangu vilikuwa vimechomwachomwa mpaka kushika penseli ni shida, halafu wewe unakuja kusifiwa, unapewa na kichwa cha samaki. Kesho yake baada ya kukatunga niliwanong'oneza wasichana wawili tu. Kufika mapumziko uwanja mzima unaimba. Ulipokatazwa shule sikujuta, nakuambia ukweli. Baba alikwenda peke yake mwezi mzima, ndoo yako ameibeba tupu, kisha siku moja akaniangalia akasema haya, vaa kandambili. Nafasi yako niliichukua hivyo. Yote niyajuayo kuhusu kaa, uduvi na samaki nimejifunza nikiwa nimesimama mahali pako.

Mtoto wa mwenye bucha sasa ni mtu mzima, ana jino la bandia, na sare za wanawe nazishona mimi. Miaka yote akitabasamu mimi nainamia futi. Wiki iliyopita nilishindwa, nikamwambia. Akalamba lile jino, akasema, "Kumbe. Basi mwambie na yeye, maana mimi na yeye tulishapatana, lakini yeye na mto bado."

Kwa jina lile nakuomba radhi, kaka. Naomba kwa moyo wote, na ukikataa kunisamehe nitakuelewa. Lakini usichanganye mambo. Aliyekudhalilisha ni mimi. Si mto, na wala si Baba. Hukumu yangu niletee mimi, usimtwishe yeye kwa kumpeleka ghorofa ya nne. Sitalitupa dema. Sitamfungia vitu vyake. Jumatano tutakwenda, na Jumamosi tutakwenda, na watakaotucheka barabarani wacheke, wengi wao wakimaliza kucheka wanauliza kama tumebakiza kaa wa kuonja.

Kabla sijaanza kuandika nimefanya jambo ambalo wewe na mimi hatukuwahi kulifanya. Nimemuuliza. Nimemweleza kuhusu gari, chumba ulichompakia rangi, lifti, na muuguzi atakayekuwa anakuja. Nimemweleza vizuri, sikupunguza. Alisikiliza yote, kisha akauliza, neno moja moja, kama umo garini. Nikasema humo. Akageukia ukuta. Nikadhani amelala. Baadaye akasema nikuandikie hivi, na naandika kama alivyotamka: "Gari sikuomba. Niliomba yeye."

Hayo ndiyo majibu ya Baba, na yangu umeshayasoma.

Dereva amenawa mikono, ananitazama dirishani. Nimempa gauni la wifi, kiuno nimelipunguza kama alivyotaka. Nisalimie sana yeye na wanangu, na yule mkubwa anywe maji ya moto. Shemeji yako anakusalimu. Ukiwa umekasirika, haki yako, kasirika. Ila usikasirikie kwenye simu. Njoo unikasirikie hapa mlangoni, nami nitasimama nikusikilize mpaka umalize, sitakukatiza.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi