Iliki Katika Msitu wa Theluji

Bibi yangu wa Kidichi, shikamoo sana.

Huku kaskazini ya Ufini nlikokuja kusomea misitu, jua linachungulia saa mbili tatu tu, kisha linatoweka nyuma ya misonobari. Leo kipimajoto kimeonesha nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nlitoka kidogo, kope zikagandana. Mwenye nyumba wangu, bi mzee anayeishi peke yake, akanivuta ndani akanipa mkate wa moto alioupika mwenyewe. Nikaumega. Bibi, iliki! Harufu ile ile ya jikoni kwako. Machozi yakanitoka.

"Umeungua?" akauliza.

"Hapana. Bibi yangu analima iliki."

Akastaajabu. Tangu utotoni anaitia kwenye mkate, na hajapata kujua inaota vipi. Nikamwambia majani yake yanampita mtu kwa urefu, lakini vitumba vyenye mbegu viko chini karibu na udongo, kwa hivyo wewe unachuma umeinama asubuhi nzima. Akanishika mkono.

"Mwambie mikono yake inafika huku," akasema.

Nimekukumbuka mno, Bibi. Mungu akupe afya, uupumzishe mgongo.

Mjukuu wako,
Rukia