Viganja vya Nyamizi

Jumanne, 4 Machi
Tumefunga tumbaku hadi saa tisa. Bani la pili la kukaushia limejaa. Mke wangu Nyamizi, mimba ya miezi minane, anajikuna viganja toka juzi. Hana upele. Ni utomvu wa majani, hata mimi huniwasha. Nimempa ndimu ajisugue. Nimemwambia aache kufunga.

Alhamisi, 6 Machi
Hajagusa tumbaku, bado anawashwa. Sasa na nyayo. Anazisugua kwenye saruji. Mama yangu amecheka: "Huyo mtoto ana nywele nyingi, ndizo zinazomwasha!" Nikacheka naye. Majani hayakanyagwi, utomvu umefikaje nyayoni? Sikufikiri zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Hajala. Mkojo kama chai ya rangi. Alitaka twende hospitali Mpanda. Nikasema moto wa bani hauachwi, tutaenda Jumanne. Akarudi kusugua nyayo kwenye saruji.

Jumanne, 11 Machi
Njiani, kwenye bodaboda, amesema mtoto hajacheza toka jana. Daktari amepima, akarudia. Mapigo hayapo.

Jumatano, 12 Machi
Amejifungua alfajiri. Mvulana. Nywele kidogo tu.

Daktari amenieleza taratibu. Mimba hutengeneza homoni nyingi mno. Ini huzibadilisha ziyeyuke majini, kisha hutoka kwa mkojo na kwa nyongo. Kwa baadhi ya wanawake ini huzidiwa. Nyongo haitiririki, asidi zake zinabaki kwenye damu. Mama huwashwa viganja na nyayo. Moyo wa mtoto unaweza kusimama.

"Mngekuja alipoanza kuwashwa, tungepima damu. Pengine tungemzalisha mapema."

Hakunigombeza. Nilitaka anigombeze.

Jumamosi, 15 Machi
Nyumbani Magamba. Maziwa yameanza kumtoka. Amejifunga kifua kwa khanga. Majani ya mwisho yameungua ndani ya bani, sikwenda kuangalia. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi
Nimekwenda Sitalike kwa Kabula, mdogo wake Nyamizi. Ana mimba ya miezi sita, na daktari alisema jambo hili linaweza kuwa la ukoo.

"Shemeji, umetoka Magamba kote huko kuja kuniuliza nyayo?"

Alikuwa anacheka. Akaniangalia usoni, akaacha. Akavua ndala. Nyayo haziwashi.

Nimemwambia zikianza kuwasha aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri mume amalize kazi. Amesema sawa, ataenda.

Nimekula ugali kwake. Nimerudi na gari la jioni.