Jina Nililokataa Kulisikia

Jumatatu, 28 Februari 1994

Sheria mpya ya bastola kutoka serikali ya shirikisho, Washington, imeanza leo. Mtu akitaka kununua bastola, muuzaji lazima aniletee jina lake, na mimi lazima nichunguze rekodi zake ndani ya siku tano. Lazima! Nani kaniajiri? Mimi ni sherifu wa kaunti moja ya Montana. Nimechaguliwa na watu wa hapa. Nina manaibu watatu, na kuivuka kaunti kwa gari ni nusu siku.

Wakili Whitcomb amefungua kesi kwa jina langu kule Helena, makao makuu ya jimbo. Anasema Katiba iko wazi, Rekebisho la Kumi: mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikupewa, yanabaki kwa majimbo na kwa wananchi. Wakitaka kazi hiyo ifanyike, walete watu wao.

Gazeti limeweka picha yangu ukurasa wa mbele. Kofia imekaa upande. Mke wangu Arlys amecheka, kisha ameikata na kuibandika kwenye friji. Mkahawani wamenikatalia kulipia kahawa. Nimefurahi, siwezi kusema uongo.

Jumatano, 9 Machi

Verle amepiga simu kutoka dukani kwake. Anauza misumari, chakula cha farasi na bunduki. Kuna mtu anataka bastola, hamfahamu, basi anitajie jina nimwambie kama yuko safi.

Nikamkatiza. "Verle, usinitajie jina. Nikilisikia tu, nimeshaanza kuwafanyia kazi."

Akacheka. "Kwa hiyo siku tano zikipita kimya, namuuzia?"

"Hiyo ni sheria yao. Siyo yangu."

Whitcomb alinionya: nisimchunguze hata mnunuzi mmoja kabla kesi haijasikilizwa, tusije tukaulizwa mbona huyu ndiyo na yule hapana.

Theluji imeanza kuyeyuka barabara ya mtoni. Ng'ombe wa watu wamezagaa njiani tena.

Jumapili, 20 Machi

Bergit Haugen amekufa. Binti yake Colleen amepigwa risasi ya bega. Mchana kweupe, wametoka tu kanisani, viazi viko jikoni vimemenywa nusu.

Ni Lyle Stroud. Yule mume ambaye Colleen alimfukuza.

Mimi ndiye niliyefika kwanza. Lyle alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, bastola iko kwenye majani mbele yake. Hakubisha. Nimemtia pingu.

Bastola ni mpya. Bado ina kibandiko cha duka la Verle.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 21 Machi

Nimekwenda dukani. Nimemuuliza Verle, ile simu — alikuwa nani?

"Unajua alikuwa nani, Orrin."

Nilitaka aseme. Akasema.

Acha niandike, maana sina pa kulisemea. Desemba Colleen aliniita. Lyle alikuwa amemvimbisha uso hata jicho halifunguki. Niliichukua bunduki yake ya kuwindia. Nilijua amewahi kufungwa Idaho kwa kumchoma mtu kwa chupa, na mtu wa namna hiyo haruhusiwi kuwa na bunduki — kwa sheria ya zamani, siyo hii mpya. Nilisimama jikoni kwa Colleen, mama yake yuko pale anakunja nguo, nikasema: "Hatapata nyingine."

Kwa hiyo nisingehitaji kufungua rekodi yoyote. Ningesikia jina tu. Maneno mawili.

Verle anasema alimuuliza Lyle kama amewahi kufungwa, Lyle akasema hapana, akatia saini. Verle ni mgeni hapa, angejuaje? Alikuwa anapanga misumari kwenye visanduku, haniangalii. "Simu ile tulikuwa wawili tu," akasema. "Mimi sina sababu ya kumwambia mtu."

Nimetoka bila kumjibu. Si ndiyo kukubali huko?

Jumatano, 23 Machi

Nimempelekea Lyle chakula mahabusu. Naibu alikuwa amekwenda kwenye ajali.

Lyle anasema alitoka mji wa Butte akapita maduka mengine bila kusimama. "Nilikuona gazetini. Nikasema, kwa mzee huyu nitapita."

"Nyamaza ule."

"Wewe ndiye uliniruhusu, Sherifu. Ungesema hapana, ningerudi zangu."

Muongo. Angetafuta kwingine. Labda. Nimeweka sahani sakafuni, mchuzi ukanimwagikia kiatuni.

Nimefika nyumbani nikaibandua ile picha. Arlys ameona mlango wa friji uko mtupu. 

Ijumaa, 25 Machi

Hospitalini. Colleen amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

Hakunipa nafasi. "Ulifika haraka, Sherifu. Ungechelewa kidogo angenimaliza." Kisha: "Mama alikuwa anakuombea, unajua? Tangu ile Desemba. Kila Jumapili anakutaja."

Nimesema pole. Nimelirudia hilo neno mpaka likakosa maana.

Hakuniuliza Lyle alipata wapi bastola. Alisema mwenyewe, "Watu kama yeye hupata tu." Nami nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na hekima!

Mazishi ni kesho. Ameniomba niwe mmoja wa wabeba jeneza. Sikujua namna ya kukataa.

Jumamosi, 26 Machi

Nimebeba. Mbele, upande wa kushoto. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimemwambia Arlys. Yote. Alikuwa anasafisha samaki, akaendelea mpaka mwisho, akaosha kisu, akanawa, akakaa.

Nilimwambia mambo ambayo nimekuwa nikijiambia. Kwamba Lyle ndiye aliyefyatua. Kwamba Washington ikiruhusiwa kumwamuru sherifu leo kuhusu bastola, kesho itamwamuru jambo lingine, na watu wa hapa hawatakuwa na wa kumlaumu kwenye kura.

"Sawa," akasema. "Nakubali."

"Unataka niseme sheria yao ni nzuri?"

"Sijasema hivyo. Huenda ni mbovu kabisa. Lakini Orrin, Katiba inasema hawawezi kukulazimisha kuuliza jina. Nani alikukataza kuuliza?"

Niliwapanga samaki kwenye sahani. 

Na bado naamini kesi ni ya haki. Hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa nimekosea kila kitu, ingekuwa nafuu. Ningeiondoa, nikaomba radhi, nikalala.

"Colleen anajua?" ameniuliza.

"Hapana."

Amekwenda kuosha kisu ambacho alikuwa ameshakiosha.

Jumatano, 13 Aprili

Helena. Hotelini; kesi inasikilizwa kesho. Nimemweleza Whitcomb habari ya simu. Alifunga mlango kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

"Verle. Na mke wangu."

Akatembea kidogo. Si mtu mbaya, hataki hata tumlipe nauli. Amesema swali la kesho ni moja tu: je, Bunge la Washington linaweza kumwamrisha ofisa wa jimbo? "Bergit Haugen, Mungu amrehemu, hayumo kwenye swali hilo."

"Nikiulizwa?"

"Hutaulizwa. Wakijaribu, nitapinga. Wewe usijitolee tu. Usiwape msiba wauweke mezani, kwa sababu jaji ni binadamu, na msiba ukikaa mezani hakuna anayesoma Katiba tena."

Huenda ni kweli. Ndiyo maana nimeshindwa kumbishia. Lakini tukishinda hivyo, nani atakuwa ameshinda?

Alhamisi, 14 Aprili

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mahakama. Tuko mapumziko.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nimeeleza kuhusu manaibu watatu, ukubwa wa kaunti, kiapo nilichokula na kwa nani. Jaji alikuwa anaandika. Watu waliitikia kwa vichwa. Kwa muda kidogo nilijisikia kama yule sherifu wa Februari, wa picha ya gazetini, na nikajichukia.

Kisha zamu ya wakili wa serikali ya shirikisho. Mwanamke kijana, sauti ya upole, wala hakusogea karibu. "Sherifu Tveit, tangu sheria hii ianze, kuna muuzaji yeyote aliyetaka kukupa jina la mnunuzi, ukakataa kulipokea?"

Whitcomb alikuwa amesimama kabla hajamaliza. Swali halihusiani na hoja, Mheshimiwa. Jaji alifikiri. Nilimwona akinitazama mimi, siyo Whitcomb. "Pingamizi limekataliwa. Shahidi atajibu." Hapo karatasi ya mashine ya mwandishi wa mahakama ikaisha, akaomba muda abadilishe, jaji akatupa mapumziko.

Whitcomb amenifuata hapa, ameinama kama anafunga kamba ya kiatu. "Sema hukumbuki. Neno hilo tu. Unapokea simu ngapi kwa wiki? Hukumbuki." Ameondoka. Hakungoja nimjibu.

Na sasa Colleen. Sikujua kwamba yuko humu. Amekuja kwa basi, alikaa safu ya nyuma. Amejiketisha kando yangu, taratibu, kwa sababu ya bega.

"Nimesikia redioni wanataka kukuonea," amesema. "Nikasema siwezi kukaa nyumbani. Umetusimamia, nami nitakusimamia."

Nimemwambia arudi nyumbani, apumzike. Amesema amepumzika vya kutosha. Kisha: "Yule dada aliuliza nini pale mwisho? Nyuma hakusikiki vizuri."

"Ameuliza kuhusu simu."

"Simu gani?"

Nimemwambia atasikia kutoka kwangu, nikijibu. Nimemwambia akae mbele.

Karani ametoka, anatuita. Whitcomb yuko mlangoni, ananionyesha saa. Colleen amesimama kabla yangu, ameushikilia mlango kwa mgongo wake ili nipite, anasema, "Twende, Sherifu, nimeona nafasi safu ya kwanza, pale pale mbele yako" —