Milimita Sita za Fremu

Jumamosi, jioni

Na kweli Nekesa alikuwa sahihi, ingawa sikumwambia.

Wiki nzima nimejisifu kwamba fremu ya gari letu la kizamani imenyooka. Leo huyo Nekesa, mke wangu, alipotoka shift akanipitia kwenye gereji ya Seven Hills, akashika tepu na kupima kona kwa kona.

"Baba Imani, upande huu umezidi milimita sita."

Nilinuna. Lakini ile injini kuukuu, tukishaifunga supachaja ya kuisukumia hewa, itaipinda fremu iliyoanza kombo. Nikawasha grenda, nikakata chuma cha kati nilichokichomelea Jumapili, ili nikipange upya.

"Umekasirika?"

"Hapana."

Nilimdanganya. Ila yeye ndiye atakayeketi kando yangu siku tutakayoingia barabarani, na sitaki aketi juu ya kazi ninayoitilia shaka.